Slaidi za Mwezi wa Saba

Bibi amestaafu tangu mwaka jana na mpaka leo hajajifunza kukaa. Siku ya kumuaga, vijana aliowaacha maabara walimletea kiti cha kuegemea, cha mninga, chenye mito. Anakilalia paka. Walimwomba pia awaandikie chochote kuhusu kazi ya damu, kiwasaidie wanaoanza, naye akakubali bila kufikiri, maana kuandika kunataka kukaa. Sasa anatembea kutoka banda la kuku hadi kwenye geti na kurudi, amevaa sweta mbili na koti, anasimulia, na mimi ndiye ninayeandika. Mwandiko wangu unasomeka. Halafu nipo nyumbani tu, nimemaliza kidato cha nne.

Mwanzoni nilijaribu kuandika kana kwamba mimi ndiye yeye, "nilianza kazi", "nilipima", nikajiona mwongo. Nilimwambia nitaandika kama ninavyosikia. Akasema sawa, mradi nisimpambe, na vyeo vyote niviruke, havina damu ndani yake.

Kuna jambo moja inabidi mlijue mapema. Nimechaguliwa kidato cha tano, PCB, yaani fizikia, kemia na bailojia, shule ya bweni ya wasichana huko Njombe. Njombe ni baridi kuliko hapa Sumbawanga, na mimi nina selimundu, ile ambayo mtaani wanaiita sikoseli. Baridi ndiyo inayoniangusha. Ikinikamata, mifupa inauma kama kuna mtu anaisokota kutoka ndani, na napelekwa hospitali nikiwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Mama hataki niende. Baba, ambaye biashara yake ya dagaa iko Kasanga ziwani, alisema kwenye simu kwamba Bibi ndiye aliyesomea damu, atakachosema Bibi ndicho. Bibi hajasema. Kila nikileta habari hiyo anageuka kuelekea banda la kuku. Kwa hiyo haya yote niliyaandika huku nikimsikilizia, nikidhani jibu litamponyoka katikati ya hadithi nyingine.

Kazi aliianzia kwenye maabara ya hospitali ya misheni, akiwa ametoka masomoni Dar es Salaam na viatu vya wazi. Alifika kipindi cha upepo, hapa uwandani upepo ule unapita kwenye kila tundu la mlango. Mkuu wa maabara alikuwa mtawa, Sista Benigna, Mfipa mfupi mwenye sauti ndogo. Bibi alitegemea kupewa darubini. Alipewa beseni, sabuni na rundo la slaidi, vile vipande vya kioo ambavyo tone la damu huwekwa juu yake. Aliziosha wiki nzima kwa maji ambayo anasema yalikuwa na meno. Alipouliza ataanza lini kupima, Sista alinyanyua slaidi moja dirishani, akamwonyesha alama ya kidole.

"Hiki ni chako," alimwambia. "Usije ukamwambia mama wa watu kwamba mwanawe anaumwa kidole chako."

Bibi anataka niseme kwamba hata ninyi wenye mashine mnawe mikono vizuri.

Darubini ya siku hizo haikutumia umeme. Ilikuwa na kioo chini yake, unakigeuza kilishike jua la dirishani, na wingu likipita unasubiri. Bibi hajui kusubiri. Sista alimpa kazi ya kufuma soksi kwa ajili ya mawingu, na Bibi alifuma soksi moja mwaka mzima, haikupata mwenzake.

Kipimo cha selimundu kilikuwa hivi. Unachanganya maji na unga fulani wenye harufu ya kiberiti kilichozimwa, unauchanganya asubuhi ileile, wa jana ukautumia umejidanganya. Unaweka tone la mchanganyiko juu ya tone la damu, unafunika na kioo chembamba, unaziba kingo kwa nta ya mshumaa ili hewa isiingie. Unga unakula hewa iliyobaki ndani. Chembe nyekundu za mtu asiye na tatizo zinabaki duara, kama vitumbua. Za mtu mwenye kurithi zinajikunja, zinachongoka, zinakuwa mundu. Slaidi haikuambii kama amerithi kwa mzazi mmoja, ambaye hataumwa, au kwa wote wawili, kama mimi. Kwa hilo ilibidi damu isafirishwe mbali na majibu yasubiriwe. Lakini ndiyo ilikuwa mlango.

Dar es Salaam, Bibi anasema, ulikuwa unaziba nta, unageuka kuchukua chai, ukirudi zimeshajikunja. Huku akapima watoto wa watu, wamevimba vidole, macho ya njano, wamekonda miguu, na slaidi zao zote vitumbua. Madaktari wakawa wanasema ugonjwa huo ni wa pwani na wa maziwani, hewa ya Ufipa imeusafisha. Bibi aliamini, nusu. Nusu nyingine ilikuwa inamnyima raha akiwa anapika.

Hapo ndipo alipoletwa Tekla.

Tekla alikuwa kidato cha pili katika shule moja ya bweni hapa mjini, mtoto wa wavuvi wa Kirando. Wanafunzi wa kutoka ziwani walikuwa wakipanda huku kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba wanaanza kuugua, na mkuu wa shule alikuwa ameupa jina: ugonjwa wa mchakamchaka, kwa sababu uliwakamata alfajiri, kengele ya kukimbia ikilia. Tekla uliwahi kumkamata akiwa anaoga maji baridi, wakambeba na sabuni mwilini. Mkuu wa shule alimleta mwenyewe hospitali, siyo kwa huruma. Alitaka kipimo kimwambie anajifanya, amrudishe kwao akatafute hewa ya ziwani. Slaidi yake ikasoma vitumbua. Ikarudiwa, vitumbua. Mkuu akasema basi, mwisho wa wiki atapanda gari ashuke Kirando, na nafasi yake ipewe mwingine.

Nilimuuliza Bibi kama alimwona Tekla siku hiyo. Alisema alimwona vizuri. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono ameificha kwapani, anajisomea jiografia ukutani, kwenye ramani ya ugawaji wa chanjo.

Wakati huo Mama alikuwa mtoto wa kunyonya. Mchana Bibi alikimbilia nyumbani Milanzi kumnyonyesha, na siku ile hakutaka kuiacha slaidi ya Tekla mezani kwa kuwa mfagiaji wa maabara alikuwa na tabia ya kusafisha kila kinachong'aa. Aliiweka kwenye kikopo cha bati, akakisokomeza kifuani ndani ya kanga, akamfunga mtoto juu yake, akachomwa hivyo na upepo kwenda na kurudi. Sista alipomwona anakitoa kifuani alimuuliza kama huko masomoni ndivyo walivyofundishwa kuhifadhi sampuli. Bibi aliiweka chini ya darubini ili tu aone kama nta haijapasuka.

Mundu. Mundu kila mahali, anasema, kama shamba la watu waliotupa zana wakakimbia.

Ninavyomjua Bibi, najua alipiga kelele, ingawa anasema hakupiga. Sista Benigna aliinama akaangalia kwa muda, akanyoosha mgongo, na akamwambia neno ambalo Bibi anataka kila mmoja wenu alishike.

"Umebahatisha. Rudia mpaka isiwe bahati."

Wakarudia. Damu moja, slaidi mbili, zimezibwa na mshumaa mmoja, moja dirishani na moja kifuani chini ya mtoto. Ya dirishani ikabaki vitumbua, ya kifuani ikajikunja. Huenda ni jasho, Sista akasema, huenda ni kutikiswa. Wakaweka nyingine kwenye kikopo juu ya chupa ya maji ya moto, bila jasho wala mtoto. Ikajikunja. Wakachukua damu ya Sista mwenyewe ambaye hakuwa na tatizo, wakaipasha vilevile. Ikabaki vitumbua, na Sista akasema afadhali, utawa na selimundu vingemzidi. Kumbe chembe zile zinataka joto ili zijikunje upesi, na chumba kile mwezi wa saba kilikuwa baridi kuliko kitabu kilivyodhani. Kitabu kiliandikwa na mtu ambaye meza yake haikuwa Sumbawanga. Huku watu walisubiri muda uleule wa kitabuni, wakaangalia, wakaandika hana.

Hapa nilimsimamisha. Nilisema mbona mimi baridi ndiyo inayonikunja, na slaidi baridi inaizuia. Kwa kawaida siulizi maswali, Bibi aligeuka akanitazama kama nimetoa kuku mfukoni. Alisema ndilo swali alilomuuliza Sista. Kwenye kioo damu imetulia peke yake, ndani ya mtu inakimbia, na baridi inaibana mishipa ya mikono na miguu, damu inapita polepole, inakaa huko bila hewa ya kutosha katika joto la mwili, inajikunja hukohuko. Mwili wa mtu na kipande cha kioo vinapokea baridi ileile kwa njia tofauti. "Ndiyo maana nikawa mtafiti, mke mwenzangu," alisema. Huniita hivyo akinifurahia. Nilidhani sasa atasema kuhusu Njombe. Akaenda kuangalia mayai.

Walimpelekea mkuu wa shule majibu mapya. Alikasirika kwanza, halafu akapata sababu mpya ya uamuzi uleule wa zamani: kama kweli anaumwa, ndiyo zaidi arudi kwao kwenye joto. Baba yake Tekla alipanda kutoka Kirando na mkoba wa kumchukulia nguo, naye akasema hivyohivyo. Walikaa ofisini, wanaume wawili, Sista na Bibi, wakazungumza juu ya binti kama juu ya gunia ambalo halijapata gari. Sista ndiye aliyesema aitwe.

Tekla aliingia, akasalimia shikamoo kwa kila mmoja, akaulizwa anatakaje. Bibi anasema alijibu akiangalia viatu vya baba yake.

"Nyumbani pia nitaumwa. Ila nitaumwa bila kusoma."

Baba yake aliufunga mkoba ukiwa mtupu. Bibi na Sista walikwenda bwenini siku hiyohiyo. Walipatana na matroni: maji ya kuoga yapashwe, mchakamchaka asamehewe, kitanda kihamishwe mbali na mlango, anywe maji mengi hata kama hana kiu, na akianza kulalamika asipewe fimbo, apewe blanketi na aletwe. Watoto wengine walimwita Malkia kwa ajili ya maji ya moto. Mwaka uliofuata Malkia walikuwa watatu, kwa sababu Bibi alikuwa ameomba kupima wote wa kutoka ziwani, safari hii na kikopo na chupa.

Kuanzia hapo, maisha ya Bibi yalikuwa barabarani. Alishuka bonde la Ziwa Rukwa, alishuka Tanganyika, na boksi la barafu mapajani, akipima vijiji ambavyo mbu ni wengi na selimundu ni nyingi, vyote viwili vinakwenda pamoja, mwalimu wangu wa bailojia alitufundisha kwa nini, aliyerithi kwa mzazi mmoja huihimili malaria, na sikumwambia kwamba nilishasikia nikiwa chekechea. Mama anasema alilelewa na majirani wa Milanzi na harufu ya spiriti. Bibi akisikia hivyo anasema alilelewa vizuri. Huwa hawamalizi mazungumzo hayo.

Kesi iliyomtesa zaidi haikuwa ya kurithi. Aliletwa muuza petroli wa kijiji kimoja huku juu, wale wa chupa kando ya barabara, jamaa wa makamo, mweupe kwenye viganja kama amepakwa unga, fizi zinatoka damu. Kwao walishasema kuna mtu anamnyonya damu. Kwenye darubini Bibi hakuona ugonjwa wa kuelezea. Aliona utupu. Chembe nyekundu chache, nyeupe chache, zile za kugandisha damu chache zaidi, kama soko la Mazwi siku ya mvua. Uboho, kiwanda chenyewe ndani ya mfupa, ulikuwa umezima. Alimuuliza anakula nini, anakunywa nini, ametumia dawa gani. Hakuna. Mwisho akamuuliza kazi yake anaifanyaje, naye akamwonyesha kwa ishara: anaingiza mpira kwenye pipa, anavuta kwa mdomo, petroli ikija anaitema na kuelekeza kwenye chupa. Miaka yote hiyo.

Alipelekwa Dar, hakurudi. Bibi alizunguka na pikipiki kutafuta wauza petroli wengine wa chupa. Wengine walikuwa na damu pungufu kidogo, wengine wazima kabisa na wanamcheka, dokta umetumwa na wenye sheli. Hakuweza kuthibitisha kwamba petroli ndiyo iliyozima uboho. Mtu mmoja si utafiti, anasema, lakini mtu mmoja anaweza kukukosesha usingizi. Mpaka leo tukipita kwa muuza chupa anasimamisha bodaboda na kumhubiria juu ya pampu ya mkono, na mimi naangalia pembeni kwa aibu.

Mashine zilipokuja zilimfurahisha na kumuudhi. Zinahesabu haraka, zinatenganisha mwenye ugonjwa na mbebaji, yule aliyerithi kwa mzazi mmoja, palepale, hazijali mwezi wa saba. Ila umeme ukikatika zinasahau, na vijana wamezoea kusoma karatasi bila kumtazama mgonjwa. Anataka mmtazame. Anataka mmuulize anatoka wapi na anafanya kazi gani, kabla hamjaminya kitufe.

Halafu kuna mimi. Mama na Baba walipotaka kuoana Bibi aliwapima, wote wabebaji. Aliwakalisha akawaambia kila mtoto atakayezaliwa ana robo ya kuwa mgonjwa. Mama alisema amesikia, na harusi iko palepale. Kaka zangu wawili hawaumwi. Robo ni mimi. Niliwahi kumuuliza Mama kama angejua ningekuwa mimi angeendelea, akasema anachojua ni kwamba angeniletea soksi nyingi zaidi. Bibi ndiye aliyenitoboa kisigino nilipozaliwa na ndiye aliyesoma majibu. Nilipomwomba asimulie siku hiyo alisema iandike hivyohivyo, haina nyongeza.

Juzi tulikuwa tumefika mwisho. Kuku walikuwa wameshachunguzwa, hadithi zimekwisha, na bado hakuwa amesema. Nikamuuliza Tekla yuko wapi sasa. Nadhani nilijua, kwa sababu alikuwa amelizunguka jina hilo siku nyingi.

Bibi alikaa. Si kwenye kiti, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alisema Tekla alimaliza kidato cha nne, akasomea ualimu, akafundisha jiografia Namanyere, akaolewa. Likizo alikuwa akija kumsalimia na samaki. Alifariki kabla ya kufika makamo, msimu wa mvua, si wa baridi, kifua kilimbana ghafla. Bibi alikwenda kuzika.

"Na angebaki Kirando?" niliuliza.

"Sijui."

"Hata kukisia?"

"Nimepima watu maisha yangu yote nipate kulijua hilo. Baridi inaumiza, hilo nina uhakika nalo. Kama inapunguza miaka ya mtu anayejitunza, na kwa kiasi gani, sijui. Huko chini angekutana na malaria kila mwezi. Sijui, Imelda. Na mama yako anataka niseme kama mtu anayejua."

Kwa hiyo ndicho kilichokuwa kimemfungia mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo au hapana. Nilikaa na kalamu, upepo unageuza karatasi, nikaogopa. Nilikuwa nimetaka sana mtu aamue ili nikianguka liwe lake.

Mama alirudi jioni kutoka Mazwi, anakouza mitumba, akatukuta vilevile, mama yake amekaa juu ya ndoo. Akauliza nani amekufa. Bibi alimwambia kwamba kuhusu Njombe yeye hana jibu la kitaalamu, ana tahadhari tu, na tahadhari ataziandika zote. Mama alishusha furushi taratibu. Alisema sasa kama dokta mzima hajui, yeye atamruhusu mtoto kwa msingi gani. Bibi akasema hata kumkatalia kunataka msingi. Mama alisema yeye ndiye anayekesha naye, si maabara. Bibi akasema hilo ni kweli, na hilo lilikuwa jipya.

Nilisikia sauti yangu kabla sijakubaliana nayo.

"Mama, nataka kwenda."

Wote wawili walinigeukia. Huwa sisemi mbele yao wakibishana, huwa naingia ndani. Nilisema naijua baridi, nimezaliwa ndani yake. Nilisema ninaogopa, na usiku wa kwanza nitalia. Nilisema hata nikianguka huko nataka iwe mimi ndiye niliyekwenda.

Mama alinitazama usoni, halafu mikononi, kama anavyofanya kuangalia kucha zangu kama zimebadilika rangi. Akamuuliza Bibi hospitali ya karibu na shule hiyo ina damu ya kuongezea watu, au ni jengo tu. Bibi akasema hajui. Akamuuliza matroni wa huko ni mtu wa namna gani. Bibi akasema hajui hilo pia, akawa ameshasimama, anafunga vifungo vya koti.

"Basi mwende mkajue," Mama alisema. "Wewe na Imelda. Kabla shule haijafunguliwa. Mkirudi mtaniambia mlichokiona, siyo mnachofikiri, halafu nitasaini fomu ya shule."

Akalifungua furushi palepale uani, akaanza kuchambua masweta, yale mazito akiyaweka upande wangu.